Zama za Kale Zilifufuliwa kwa Faida ya Nani?

Kila mwaka, ninaposahihisha mitihani ya historia ya fikra za Ulaya, hukutana na sentensi moja ambayo wanafunzi wangu wameirithi kutoka kitabu kimoja hadi kingine: kwamba wasanii wa Kipindi cha Mwamko walifufua fikra za Wagiriki na Warumi wa kale. Huipa sentensi hiyo alama zake, maana si uongo. Lakini kitenzi kile, kufufua, hakiniachi nilale. Maiti hafufuki mwenyewe. Aliyefufuliwa ana aliyemfufua, na mfufuaji ana haja zake. Katika imani za kwetu mchawi hamrudishi msukule duniani ili marehemu afurahie jua tena. Humrudisha ili amlimie shamba. Wapenzi wa sanaa wataniwia radhi kwa mfano huo wa kutisha, lakini sijapata mwingine ulio karibu zaidi na yale yaliyotokea katika mji wa Florence kati ya karne ya 15 na ya 16.

Sipuuzi uzuri wa kazi yenyewe. Filippo Brunelleschi na wenzake waliyapima magofu ya Roma kwa kamba na kurudi na namna ya kujenga ambayo Ulaya ilikuwa imeipoteza. Mwaka 1416 Poggio Bracciolini, mtumishi wa ofisi ya Papa aliyependa kupekua maktaba za watawa, alipata katika abasia ya St. Gallen nakala ya kitabu cha Vitruvius kuhusu ujenzi, na kitabu ambacho wachache walikuwa wakikisoma kikawa baada ya muda msahafu wa wajenzi. Donatello alimsubu Daudi wa shaba nyeusi akiwa uchi, amesimama peke yake bila ukuta wa kumwegemea, jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa ukubwa ule tangu Roma ya kale. Hata namna ya kusimama ilirudi: uzito wote juu ya mguu mmoja, nyonga imeinuka, bega limeshuka, mwili unaonekana kuwa na nafsi ndani yake. Ukizilinganisha sanamu hizi na nyingi za karne zilizotangulia, utadhani mtu amelivua joho zito na kuvuta pumzi.

Lakini chukua mfano wa uchoraji, ambako jambo lenyewe linaanza kuwa gumu. Wachongaji walikuwa na sanamu za kale za kutazama. Wachoraji hawakuwa na karibu chochote. Picha za Apelles, mchoraji wa Kigiriki aliyesifiwa kuliko wote, zilikuwa zimepotea zote. Kilichobaki ni maneno ya watu waliozisifu. Mwandishi Lucian, katika karne ya 2, alieleza kwa urefu picha moja ya Apelles kuhusu masingizio, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti, katika kitabu chake juu ya uchoraji, aliyarudia maelezo hayo akiwapa wasanii kama kielelezo cha kufuatwa. Takriban mwaka 1495 Sandro Botticelli akaichora. Yaani alifufua picha ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona.

Picha yenyewe ni ndogo, haifiki mita moja kwa upana, nayo iko katika jumba la Uffizi. Mfalme mwenye masikio ya punda ameketi kwenye kiti cha enzi. Wanawake wawili, Ujinga na Shuku, wameyashika masikio yale na kuyanong'oneza, mmoja huku na mwingine kule. Husuda, mwanamume aliyekonda mwenye nguo chakavu, ananyoosha mkono kuelekea usoni mwa mfalme huku akimleta mbele Fitina, binti mrembo aliyeshika mwenge kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamburuta kijana asiye na hatia kwa nywele. Nyuma ya Fitina wapo wasichana wawili, Hila na Udanganyifu, na kazi yao ni kumsuka nywele na kumpamba, ili apendeze mbele ya mkubwa. Majuto ni kikongwe aliyevaa nguo nyeusi, anayegeuza kichwa kutazama nyuma. Na huko nyuma kabisa, peke yake, bila nguo na bila msaidizi, amesimama Ukweli akinyoosha kidole juu mbinguni, kwa kuwa katika ukumbi ule hakuna wa kumwelekea.

Naweza kuitazama picha hiyo kwa saa nzima. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote ya umma atawatambua wote kwa majina. Jambo la kuzingatia, hata hivyo, ni wakati wake. Mwaka 1494 ukoo wa Medici, matajiri wa benki waliokuwa wameitawala Florence kwa miaka sitini bila kujiita watawala, walifukuzwa mjini. Jamhuri ikasimamishwa upya, mtawa Girolamo Savonarola akawa sauti yenye nguvu kuliko zote, na Florence ikawa mji wa kuchongeana na kushukiana. Botticelli hakuhitaji kwenda Ugiriki kumtafuta mfalme mwenye masikio ya punda. Alihitaji Ugiriki ili apate ruhusa ya kumchora.

Hapo ndipo ninapotaka wanafunzi wangu wasimame kidogo kabla ya kukimbilia sentensi inayofuata.

Tazama sasa uwanja wa Signoria, mbele ya ikulu ya mji. Baada ya Medici kukimbia, jamhuri ilichukua kutoka katika nyumba yao sanamu ya Donatello ya Yudithi anayemkata kichwa Holoferne, ikaisimamisha mbele ya ikulu mwaka 1495 pamoja na maandishi kwamba raia wameiweka kama mfano wa usalama wa umma. Sanamu ni ile ile, shaba ni ile ile. Jana ilipamba nyumba ya tajiri, leo inawatishia matajiri wote watakaotaka kuwa wafalme. Mwaka 1504 nafasi hiyo ilichukuliwa na Daudi wa Michelangelo, jitu la marumaru lenye urefu wa zaidi ya mita tano. Kabla ya kuliweka, mji uliitisha kikao cha wasanii na mafundi, Leonardo da Vinci na Botticelli wakiwamo, kujadili lisimame wapi. Daudi ni wa Biblia, ni kweli, lakini mwili ule ni wa Hercules, na watu wa Florence walilielewa hilo vizuri, kwa kuwa Hercules alikuwa katika mhuri wa jamhuri yao tangu karne ya 13.

Ilikusudiwa kuwa Hercules naye apate jiwe lake pembeni mwa Daudi, achongwe na Michelangelo huyo huyo. Jiwe lilipatikana. Kisha Medici wakarudi, na Papa aliyetoka katika ukoo wao akampa jiwe lile Baccio Bandinelli. Medici wakafukuzwa tena mwaka 1527, na jamhuri ikamrudishia Michelangelo. Mwaka 1530, baada ya kuzingirwa kwa miezi kumi, jamhuri ikaanguka moja kwa moja, na jiwe likarudi kwa Bandinelli. Mwaka 1534 Hercules alisimama uwanjani, mguu wake ukimkandamiza jambazi Cacus, lakini sasa akiwa Hercules wa Medici, akiwakumbusha raia ni nani aliye chini ya mguu wa nani. Watu walimcheka Bandinelli kwa misuli ile inayofanana na gunia. Kucheka ndiyo silaha pekee iliyokuwa imebaki.

Na Michelangelo? Wakati wa vita alisimamia ngome za jamhuri. Baada ya kushindwa alijificha, akasamehewa na Papa, akarudishwa kazini kuyamalizia makaburi ya Medici. Mkono uliomchonga Daudi uliwachonga watoto wawili wa ukoo ule, ambao hakuna mwanahistoria anayewaona kuwa watu wakubwa, wakiwa wameketi katika mavazi ya vita ya majemadari wa Kirumi. Mwaka 1534 aliondoka Florence na hakurudi tena hadi kifo chake miaka thelathini baadaye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni Roma ipi iliyofufuliwa, sina budi kumjibu kwa swali: alikuwa nani mwenye pesa mwaka ule? Kulikuwa na Roma ya maseneta na kulikuwa na Roma ya makaisari, nazo zilichukiana tangu mwanzo. Wasomi wa Florence walikuwa wakigombana juu ya jambo hilo hata kabla ya wasanii. Masimulizi ya zamani yalidai kwamba mji wao uliasisiwa na Julius Caesar. Leonardo Bruni, mwanzoni mwa karne ya 15, alishikilia kwamba uliasisiwa wakati Roma ingali jamhuri, na kwamba kwa sababu hiyo watu wa Florence walizaliwa wakiwa warithi wa uhuru. Unaweza kudhani ni ubishi wa wazee kuhusu nani alifyeka msitu wa kwanza kijijini. Anayejua jinsi ubishi wa namna hiyo unavyoamua nani atakaa kwenye kiti hatacheka.

Mtu ambaye ubishi huo ulimwangukia mzima mzima ni Brutus.

Dante, aliyekufa mwaka 1321, alikuwa amemweka Brutus mahali pabaya kuliko pote, katika shimo la mwisho la Jehanamu, akitafunwa na mdomo mmoja wa Shetani wakati mwingine ukimtafuna Yuda. Kumuua Caesar na kumsaliti Kristo yalikuwa makosa ya daraja moja. Miaka mia mbili baadaye Brutus huyo alikuwa amepanda hadi kuwa mtakatifu wa jamhuri. Usiku mmoja wa Januari 1537 Lorenzino de' Medici alimuua binamu yake Alessandro, mtawala wa kwanza wa Florence kupewa cheo cha duke. (Wanahistoria wengi wanaamini kwamba mama yake Alessandro alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika, ni jambo ambalo vitabu vyetu vya shule, vilivyojaa Mwamko wa watu weupe tupu, havilitaji.) Lorenzino alikimbia, akajitengenezea medali. Upande mmoja aliweka sura yake katika mtindo wa Kirumi. Upande wa pili akaweka kofia ya mtumwa aliyeachwa huru kati ya majambia mawili, pamoja na tarehe ya mauaji kwa kalenda ya Kirumi. Aliinakili sarafu aliyoitoa Brutus mwenyewe miaka 1,500 na ushei kabla yake. Huko ndiko kufufua kulikofika: mtu aliua kwa kunukuu.

Wakimbizi wa Florence walioishi Roma walimshangilia. Miongoni mwao alikuwamo Donato Giannotti, aliyewahi kuitumikia jamhuri, na Kardinali Niccolò Ridolfi. Kwa ushauri wa Giannotti, Michelangelo alimchongea kardinali huyo sanamu ya Brutus, kichwa na mabega, ambayo leo iko katika jumba la Bargello. Nilipopata nafasi ya kusimama mbele yake nilishangaa kuona jinsi isivyopendeza kwa namna ya Daudi. Shingo imekatwa upande kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa jina lake na adui. Taya ni nene. Vazi la Kirumi limefungwa begani kwa kishikizo. Usoni mistari ya patasi bado inaonekana, imepishana kama nyavu. Kazi haikukamilishwa, na hata vazi lilimaliziwa kwa sehemu na mwanafunzi wake Tiberio Calcagni. Wataalamu wameona kwamba sanamu hii inafuata vichwa vya kale vya Kaisari Caracalla, mmoja wa watawala wakatili kuliko wote Roma iliyowapata. Muuaji wa dikteta aliazimwa shingo ya dikteta. Sijui kama Michelangelo alikusudia kejeli hiyo au kama, kwa mchongaji, nguvu ina sura moja tu.

Giannotti pia aliandika mazungumzo, yapata mwaka 1546, ambamo anamweka Michelangelo akibishana na marafiki kuhusu hukumu ya Dante. Marafiki wanamtetea Brutus. Michelangelo, mchongaji wa Brutus, anamtetea Dante: ni kiburi, anasema, kumuua mtawala huku hujui kama jema litafuata. Baadhi ya wasomi huona hapo woga wa mzee aliyekuwa na jamaa na mali Florence. Mimi naona mtu aliyeishi mapinduzi manne katika mji mmoja. Zaidi ya hayo, kifo cha Alessandro hakikuileta jamhuri. Kilimleta Cosimo, kijana wa miaka 17 ambaye wakubwa wa mji walimchagua wakidhani watamwongoza, naye akawaongoza wao kwa miaka 37. Lorenzino aliwindwa hadi Venice, akauawa mwaka 1548.

Cosimo ndiye aliyeelewa matumizi ya zama za kale kuliko wasomi wote waliomtangulia. Hakuzifukuza, alizihamisha ofisi. Alijifananisha na Augustus, yule aliyeimaliza jamhuri ya Roma huku akidai kuirejesha, akatumia alama yake ya buruji ya Jadi, mbuzi mwenye mkia wa samaki. Uwanjani, mwaka 1554, alimweka Perseus wa Benvenuto Cellini akiinua kichwa cha Medusa kilichokatwa, shingo ikitiririka damu ya shaba. Yudithi alikuwa amewaonya watawala. Perseus aliwaonya watawaliwa. Ndani ya ikulu kulikuwa na ukumbi mkubwa uliojengwa miaka ya 1490 kwa ajili ya Baraza Kuu la raia, ule ambamo jamhuri iliwaagiza Leonardo na Michelangelo wachore vita zake. Cosimo aliugeuza kuwa ukumbi wake wa kupokea wageni, akainua dari, na katikati ya dari akachorwa yeye mwenyewe akivikwa taji mawinguni.

Mchoraji wa dari hiyo alikuwa Giorgio Vasari. Ni Vasari huyo huyo aliyetoa, mwaka 1550, kitabu cha maisha ya wasanii wa Italia, na katika kitabu hicho ndimo neno la Kiitaliano la kuzaliwa upya lilipopata nguvu ya kuwa jina la zama nzima. Alikitabaruku kwa Cosimo. Neno tunalowakaririsha vijana wetu kama jina la ukombozi wa akili ya binadamu lilienezwa na mtu aliyekuja kuwa mwajiriwa wa ikulu, katika kitabu alichomtunukia mwajiri wake wa baadaye. Simlaumu Vasari, alikuwa na familia na mahari za dada zake za kulipa, na bila yeye tungejua nusu ya tunayoyajua. Lakini mwanafunzi anastahili kulijua hilo kabla hajaandika sentensi yake.

Brutus huyo, kama ilivyo kwa mambo mengi ya zamani, alifika hadi kwetu. Maisha yake yaliandikwa kwa Kigiriki na Plutarch, yakatafsiriwa kwa Kifaransa na Jacques Amyot mwaka 1559, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza na Thomas North mwaka 1579, yakawa tamthilia mikononi mwa Shakespeare, na mwaka 1963 tamthilia ikatoka kwa Kiswahili, mfasiri akiwa Julius Nyerere, Rais wa Tanganyika. Toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, lilifuata mwaka 1969. Nimewauliza wanafunzi mara nyingi wakifikirie kitendo hicho: mkuu wa nchi changa anaketi usiku kutafsiri kisa cha kuuawa kwa mkuu wa nchi, na kitabu kinatoka mwaka ule ule ambao Sylvanus Olympio aliuawa na wanajeshi Togo. Januari iliyofuata askari wa Tanganyika wenyewe waliasi. Mfasiri angeweza kuanza na kisa kisicho na majambia. Alianza na hiki, akampa Brutus hoja zake zote na Antony hoja zake zote, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kumwambia msomaji amshangilie nani.

Leo mfasiri huyo ndiye zama zetu za kale. Kila tarehe 14 Oktoba sauti yake hutoka redioni, na wiki hiyo hiyo hunukuliwa na walio madarakani na wanaotaka kuingia. Huyu anamfufua Mwalimu wa umoja na utii. Yule anamfufua Mwalimu wa kukemea rushwa na kung'atuka. Wote wananukuu maneno aliyoyasema kweli. Nimesikiliza hotuba hizo kwa miaka mingi, na kila mara hujikuta naangalia si maneno bali mahali yaliposimamishwa: jukwaa la nani, mbele ya jengo gani, na ni nukuu ipi iliyohamishwa ili nyingine ipate nafasi.

Hadithi ya sanamu ya Brutus, hata hivyo, haikuishia mikononi mwa kardinali. Baadaye ilipita katika mikono ya Medici wenyewe, na hawakuivunja. Waliiweka miongoni mwa hazina zao, na chini yake yakawekwa maandishi ya Kilatini yanayoeleza kwa nini uso ule haukumaliziwa: kwamba mchongaji, alipokuwa akimtoa Brutus katika jiwe, alikumbuka uovu wa mtu yule, akaacha. Katika karne ya 18 bwana mmoja Mwingereza aliyasoma maandishi hayo, akakasirika, akatunga jibu lake kwa Kilatini vilevile: mchongaji angemaliza, ila alikumbuka jinsi wema wa mtu yule ulivyokuwa mkubwa, akaacha.